Ndege Ni Yake, Mabaki Si Yake

Mlango ulifunguliwa kwanza, injini ikazimika baadaye. Wachunguzi wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, walipoitazama video ya Trevor Jacob waliona kwamba mlango wa kushoto, ule wa upande wa rubani, ulikuwa umeshafunguliwa kabla ya wakati ambao mwenyewe anadai injini ilimzimikia. Hakuna rubani anayefungua mlango kujiandaa kwa hitilafu ambayo bado haijatokea.

Jacob aliwahi kuiwakilisha Marekani katika mchezo wa kuteleza thelujini kwa ubao kwenye Olimpiki ya Sochi ya 2014. Baadaye akawa rubani na mtu wa YouTube. Tarehe 24 Novemba 2021 alipaa peke yake kutoka uwanja mdogo wa Lompoc, California, na ndege aina ya Taylorcraft iliyoundwa 1940, akisema anaelekea Mammoth Lakes kumwaga majivu ya rafiki yake aliyefariki. Alikuwa amefunga kamera sehemu kadhaa za ndege, na mgongoni amevaa parachuti. Dakika kama 35 baada ya kupaa aliruka, fimbo ya selfi mkononi, akajirekodi akishuka huku ndege isiyo na mtu ikienda kujipigiza kwenye milima mikavu ya Msitu wa Taifa wa Los Padres. Tarehe 23 Desemba video ikawekwa mtandaoni. Ndani yake mna tangazo la pochi, kwa sababu kulikuwa na mdhamini. Mamilioni ya watu waliitazama.

Aprili 2022 FAA ilimfutia leseni ya urubani. Mwaka 2023 alikiri kosa moja mbele ya mahakama ya shirikisho, na tarehe 4 Desemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miezi sita.

Tangu hapo nimesikia kauli moja ikirudiwa hadi imekuwa kama jambo lisilohitaji hoja. Fundi simu mmoja kijana, mtu makini ninayemheshimu, aliniambia hivi: "Mzee wangu, ile ni kiki tu. Ndege yake, mafuta yake, roho yake. Hakufa mtu. Leseni wamemnyang'anya, imetosha. Gerezani wamempeleka kwa kosa la pembeni, kwa sababu la kuruka halikutosha kumfunga." Si yeye peke yake. Nimeyasikia hayo hayo kwa mwanasheria, kwa mwalimu, na kwa watu wanaopanda ndege kila mwezi. Kila mmoja analisema kama mtu anayetetea uhuru. Mimi nasema wamekosea, na hapo wanapojiona wana uhakika zaidi, kwenye hilo "kosa la pembeni", ndipo walipokosea zaidi.

Nianze na roho yake. Ni kweli mtu ana haki ya kuihatarisha roho yake. Lakini Jacob hakuihatarisha sana. Alikuwa mrukaji mzoefu wa parachuti, alijua anaruka lini na wapi, na alivaa parachuti tangu chini. Kilichohatarishwa ni roho ya yeyote aliyekuwa chini. Msitu wa Los Padres ni mali ya umma. Una njia za watembeao kwa miguu, na pembeni yake kuna mashamba ya ng'ombe. Kwenye video yenyewe, baada ya kuhangaika vichakani, anakutana na wenyeji wanaomsaidia, maana yake palikuwa na watu. Ndege ikishakosa rubani haichagui pa kuangukia. Katika makubaliano yake na waendesha mashtaka Jacob alikiri kwamba hakuwa na nia ya kufika aendako: alipanga tangu mwanzo aruke, ajirekodi, na airekodi ndege ikianguka.

FAA ilieleza mengine ambayo mtu asiye rubani anaweza kuyapita bila kuyaona. Hakuita kwenye redio kwa masafa ya dharura. Hakujaribu kuiwasha injini tena. Hakutafuta pa kutua, ilhali palikuwapo sehemu kadhaa ambazo ndege ingezifikia kwa kuelea. Hili la kuelea linahitaji kuelezwa, kwa sababu sinema zimetudanganya. Ndege ndogo ikizimika injini haidondoki kama jiwe. Taylorcraft ni nyepesi, ina mabawa marefu yaliyokaa juu ya paa na kuvikwa kitambaa, na injini yake ya nguvu za farasi 65 tu inatosha kuibeba kwa kuwa hewa yenyewe inafanya kazi kubwa. Injini ikinyamaza inashuka taratibu, na rubani anapata dakika kadhaa za kuchagua shamba, barabara au mchanga wa mto. Mwanafunzi hufundishwa hilo mapema, kabla hata hajaruhusiwa kuruka peke yake. Kilichomkuta Jacob angani, kama kweli kingemkuta, ni mtihani ambao kila mwenye leseni ameshaufanya.

Halafu kuna moto, ambao wanaosema "hakufa mtu" hawautaji. Tarehe 4 Julai 2007, katika kaunti ya Santa Barbara, watu waliokuwa wakitengeneza bomba la maji shambani walitumia grainda. Cheche zikaruka kwenye majani makavu. Moto ule, uliopewa jina la Zaca, uliwaka kwa takriban miezi miwili, ukaingia ndani ya Los Padres na kuteketeza zaidi ya ekari 240,000. Mwanzo wake ulikuwa cheche za grainda, kwa watu waliokuwa kwenye kazi halali. Sasa weka mahali pake ndege ya kitambaa, yenye petroli na injini ya moto, inayojipigiza mlimani katika mwaka wa ukame. Haikuwaka. Nani alipanga isiwake? Si Jacob, yeye alipanga kamera.

Wanaotaka sheria isubiri kwanza mtu afe waangalie kilichotokea Septemba 2020, huko huko California, kwenye milima ya San Bernardino. Familia moja ilitaka picha nzuri za kutangaza jinsia ya mtoto aliye tumboni, wakafyatua kifaa cha moshi wa rangi kwenye majani makavu. Moto wa El Dorado ukala zaidi ya ekari 22,000, na mzima moto mmoja akafa. Mwaka 2024 baba wa familia hiyo alikiri kuua bila kukusudia na akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Ukilinganisha nia, yule wa San Bernardino ana nafuu kuliko Jacob, kwa sababu hakudhamiria kuangusha wala kuteketeza kitu. Kilichowatofautisha ni upepo. Sheria inayoadhibu pale tu upepo ulipokwenda vibaya inauhukumu upepo na kumwacha mtu. Anayeniambia "hakufa mtu" ananieleza bahati ya Jacob. Mimi nauliza kuhusu kitendo chake.

Hayo ni ya msituni. Lakini nasisitiza, Jacob hakufungwa kwa ajili ya msitu, wala kwa kuruka. Hati iliyompeleka gerezani ina shtaka moja: kuharibu na kuficha kitu kwa kusudi la kukwamisha uchunguzi wa serikali kuu. Hili ndilo wanaloliita la pembeni.

Tazama alichofanya, hatua kwa hatua. Tarehe 26 Novemba, siku mbili baada ya kuruka, yeye mwenyewe aliiarifu NTSB, bodi inayochunguza ajali za usafiri nchini Marekani. Mchunguzi akamweleza kwamba kuyatunza mabaki ni jukumu lake. Akakubali kutafuta mahali hasa ndege ilipoanguka, aitumie bodi taarifa hiyo pamoja na video. Baadaye akaiambia bodi kwamba hajui ilipo. Alikuwa anajua. Tarehe 10 Desemba alikwenda kwa helikopta yeye na rafiki yake, wakayafunga mabaki kwa mikanda, helikopta ikayanyanyua na kuyapeleka shamba la Rancho Sisquoc, yakapakiwa kwenye trela lililofungwa nyuma ya pikapu yake. Akayaendesha hadi Lompoc, akayaingiza bandani kwenye uwanja wa ndege. Kisha akayakatakata, akayatupa vipande vipande kwenye mapipa ya taka, pale uwanjani na kwingineko. Pamoja na hayo alijaza fomu ya ajali, akaandika kwamba injini ilizimika kabisa dakika 35 baada ya kupaa, na kwa mkaguzi wa FAA akasema kwamba aliruka kwa sababu hapakuwa na mahali salama pa kutua.

Ni kazi ya siku kadhaa, yenye gharama, yenye mwenza, yenye usafiri wa angani na wa barabarani. Mtu aliyetupa ndege nzima kwa ajili ya video alitumia pesa ya helikopta kuirudisha ili asiyeipenda video asiyaone mabaki. Wale wanaosema serikali ilitafuta kisingizio cha kumfunga wanijibu hapa: kisingizio hicho nani alikibeba mgongoni kutoka mlimani?

Kwa nini mabaki yawe jambo kubwa kiasi cha kumfunga mtu? Kwa sababu usafiri wa anga ndiyo kazi ya binadamu iliyofundishwa zaidi na vipande vya vyuma vilivyoungua.

Bessie Coleman alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata leseni ya urubani. Aliipata Ufaransa mwaka 1921, kwa kuwa kwao shule zilimkataa. Aliishi kwa maonyesho ya hatari angani, na kila anayesema urubani umejengwa na wathubutu ana haki ya kumtaja. Tarehe 30 Aprili 1926, huko Jacksonville, Florida, alipanda ndege iliyoendeshwa na fundi wake kukagua eneo ambalo kesho yake alitarajia litumike kwa kuruka na parachuti. Hakufunga mkanda, ili aweze kuchungulia chini. Ndege ikapiga mbizi ghafla, ikapinduka, akatupwa nje akafa. Fundi akafa ilipopiga ardhi na kuwaka. Katika mabaki yaliyoungua ikakutwa spana iliyokwama kwenye mitambo ya kuongozea ndege. Spana moja. Bila spana ile wangesema mwanamke yule alijitakia, au hakujua kazi, na katika Florida ya mwaka ule wapo wengi ambao wangefurahi kulisema. Vyuma vilimtetea.

Au ichukue Comet, ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti. Ile iliyofungua safari za kibiashara tarehe 2 Mei 1952 ilitoka London kwenda Johannesburg, ikatua na Entebbe njiani; waliokuwa pale ilipotua waliona kitu ambacho dunia ilikuwa haijakiona. Ndege hiyo hiyo, wala si ndugu yake, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954 na watu 35 wakafa. Waingereza waliizoa kutoka chini ya bahari, wakapeleka vipande Farnborough na kuviunga upya kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Comet nyingine wakaizamisha kwenye tangi la maji, wakalisukuma na kulilegeza bodi lake tena na tena mpaka likachanika. Ndipo ikajulikana kwamba chuma cha bodi kilikuwa kimechoka, na kwamba uchovu huo ulianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa kwenye bodi. Kila unapokaa kando ya dirisha la ndege lenye pembe za mviringo umekaa kando ya somo lililovuliwa baharini.

Na kuna la karibu yetu zaidi, ambalo siwezi kuliandika kwa utulivu. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, ET302, ilipaa kutoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Dakika sita baadaye ilijichimbia kwenye shamba karibu na Bishoftu. Walikufa watu 157, kati yao Wakenya 32. Waliokwenda kuwapokea ndugu zao uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta walirudi nyumbani na jina la shamba ambalo hawakuwahi kulisikia. Ndani ya shimo lile, kati ya vipande ambavyo vingi havikuwa vikubwa kuliko kiganja, ikapatikana parafujo ndefu ya mkiani, ile inayoinua na kushusha bawa la mkia. Mkao wake ulionyesha kwamba ndege ilikuwa imeelekezwa pua chini, kama ilivyokuwa kwenye ndege ya Lion Air iliyoua watu 189 Indonesia mwezi Oktoba 2018. Nchi nyingi zilikuwa zimeshazizuia ndege za aina hiyo, Boeing 737 MAX. Marekani, nchi ya mtengenezaji, ilikuwa bado inasita. Tarehe 13 Machi FAA nayo ikazizuia, na katika sababu ilizozitoa ilitaja taarifa mpya kutoka kwenye mabaki.

Sasa ifikirie parafujo ile imekatwakatwa na kutupwa kwenye pipa la taka.

Utasema nafananisha mbuyu na mchicha, kandege ka mtu mmoja na msiba wa watu 157. Hapana. Nafananisha kanuni moja, na kanuni haina ukubwa wa ndege. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ambao Kenya, Tanzania na Uganda zimo ndani yake kama ilivyo Marekani, kinasema uchunguzi wa ajali unafanywa kwa lengo moja tu la kuzuia ajali nyingine, na si kutafuta wa kulaumiwa. Ni mpango wa ajabu katika ulimwengu wa sheria: serikali inamwambia mwenye ndege, tuambie ukweli na tutunzie vyuma, tunachotaka ni mwingine asife. Hakuna bodi duniani yenye watu wa kutosha kupanda kila mlima siku ya pili. Kwa hiyo mabaki yanaachwa mikononi mwa yule yule aliyeanguka. Anaaminiwa. Jacob alipewa amana hiyo kwa maneno ya wazi, akaitumia kama nafasi ya kufuta nyayo. Anayeliita hilo kosa la pembeni sijui anaona nini katikati.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu, maana ni ya kisheria hasa. Kifungu alichoshtakiwa nacho Jacob kiliingizwa mwaka 2002 kupitia sheria ya Sarbanes-Oxley, baada ya kashfa ya kampuni ya Enron, wakati wakaguzi wa hesabu walipopasua makaratasi ili yasionekane. Kinamgusa anayeharibu au kuficha rekodi, waraka au kitu chochote cha kushikika ili kukwamisha uchunguzi, na adhabu yake inafika miaka 20. Wakosoaji wanasema ni sheria ya makarani iliyovikwa rubani. Wanaikumbuka kesi ya mvuvi wa Florida aliyekamatwa na chewa wekundu 72 wasiofikia urefu unaoruhusiwa. Ofisa alimwambia awatenge mpaka wafike bandarini. Walipofika, samaki walikuwa wengine. Akashtakiwa kwa kifungu hicho hicho. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano kwa nne, ilimwondolea hatia hiyo, na maelezo makuu ya uamuzi yakawa kwamba kitu cha kushikika kinachokusudiwa ni kile kinachotumika kuandika au kuhifadhi habari. Samaki, walisema, si daftari.

Sawa, samaki si daftari. Lakini mabaki ya ndege? Swichi ya mafuta imeachwa wapi, kuna petroli kiasi gani kwenye tangi, mapanga ya propela yamepinda namna gani, maana propela inayozunguka hupinda tofauti na iliyosimama. Mlango uling'oka kwenye bawaba au ulikuwa wazi tayari? Kila kimoja kati ya hivyo kinasomeka, na kuna watu walioajiriwa kukisoma. Kwa kuwa Jacob alikiri, hakuna mahakama iliyolazimika kuupima ubishi huu. Ningependa ungepimwa. Naamini ungeshindwa, na kama ungeshinda basi ingekuwa juu ya bunge lao kuandika kifungu kinachotaja mabaki ya ndege kwa jina, si juu yetu kumpigia makofi aliyeyatupa.

Nije kwenye kilio kwamba sheria inaua ujasiri. Luke Aikins, tarehe 30 Julai 2016, aliruka kutoka futi 25,000 bila parachuti kabisa na kuangukia kwenye wavu huko California. Mkewe na mtoto wake walikuwa chini. Ni kitendo cha kutisha kuliko chochote alichofanya Jacob, na hakuna aliyemfunga wala kumnyang'anya kitu. Aprili 2022 Aikins huyo huyo na binamu yake, Andy Farrington, walitaka kubadilishana ndege angani Arizona: kila mmoja aiache ndege yake ya Cessna ikipiga mbizi bila mtu, kisha aingie ya mwenzake. Waliomba ruhusa. FAA ikawakataza tarehe 22 Aprili. Tarehe 24 wakafanya. Farrington hakuweza kuingia kwenye ndege aliyoikusudia, ikaanguka, hakuumia mtu. Aikins akasema hadharani kwamba uamuzi wa kuendelea ulikuwa wake. Mwezi Mei leseni za wote wawili zikafutwa, na Aikins akapendekezewa faini ya dola 4,932. Gereza halikutajwa.

Weka matukio hayo matatu mbele yako. Aliyeruka bila parachuti hakuguswa. Waliokaidi katazo lakini wakasimama mbele ya watu na kusema tumefanya, walipoteza leseni. Aliyedanganya, akaficha, akakatakata, alifungwa. Sheria inayopanga hivyo haiuchukii ujasiri. Imeutambua vizuri kuliko mashabiki wake.

Imebaki ile "leseni inatosha". Katika barua ya FAA kwa Jacob kulikuwa na onyo kwamba asipoirudisha leseni mara moja anaweza kutozwa hadi dola 1,644 kwa siku. Kwa rubani anayeishi kwa kuruka, kufutiwa leseni ni kukatwa mkono. Kwa mtu anayeishi kwa kutazamwa, ni sehemu inayofuata ya hadithi, nayo itatazamwa. Kiki ina hesabu zake, na wanaoisaka wanazipiga vizuri: ndege kuukuu ina bei, faini ina bei, leseni ina bei, na upande wa pili kuna mdhamini na mamilioni ya macho. Ukiweka adhabu zote kwenye pesa na karatasi, umeziweka kwenye daftari lao la gharama za uzalishaji. Miezi sita ya gerezani haiingii kwenye daftari hilo, kwa sababu humo ndani hakuna kamera. Ndiyo maana naona hukumu ile ilikuwa ya haki, wala si kali. Lawama yangu ni kwamba kitendo cha kuiacha ndege nzima ianguke bila mtu juu ya ardhi ya umma, kwa makusudi na kwa ajili ya kutazamwa, hakikusimama chenyewe mahakamani kama shtaka. Mtu asome hati ile atadhani kama angeyaacha mabaki mlimani yasingemkuta zaidi ya kufutiwa leseni. Hilo linamfundisha mwingine mahali pabaya pa kujirekebisha.

Yule fundi simu wangu, nilipomweleza haya, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Lakini mzee wangu, yeye kamwibia nani?" Nilikuwa na jibu na nikampa, nami nalirudia hapa. Huko California na kwingine kuna Taylorcraft, Piper na Cessna kuukuu zinazoruka kila wikendi, na injini zake huzimika kweli. Kuna siku rubani mmoja wa kweli, mwenye mikono inayotetemeka, ataruka kutoka kwenye ndege yake kwa sababu kweli hapakuwa na mahali pa kutua. Ataijaza fomu ile ile, ataandika sentensi ile ile kwamba injini ilizimika kabisa, na mchunguzi atakayeipokea, kabla hajamuuliza kama ameumia, atataka kujua mlango ulikuwa wazi tangu saa ngapi.